Lua ya juu ya maji inakimbilia pembeni ukivuta kwa spidi? Tunainyoosha hivi

Kamwene wakuu, karibuni. Leo hatuvui, leo ni fundi tu. Niko huku Mbarali pembeni ya mfereji wa mashamba ya mpunga, nina plaizi ya mdomo mwembamba, beseni la maji, na hizi lua za juu ya maji, yaani chambo bandia za kuvutwa juu ya maji, ambazo kila siku mnaniuliza, mbona nikivuta taratibu inakuja vizuri tu halafu nikikoleza rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inakimbilia kushoto au inalala ubavu? Na ukienda bwawa la Mtera kumtafuta tigafishi, yule samaki mwindaji mwenye meno makali, huwezi kuvuta taratibu, yule jamaa ukimpa muda wa kukagua anakuachia, anataka kitu kinachokimbia.

Tuelewane kwanza. Nguvu ya maji haipandi sawa na spidi, ukivuta mara mbili ya mwanzo maji yanasukuma kama mara nne. Kwa hiyo kale kakasoro kadogo, waya umepinda milimita moja, kwenye mwendo wa taratibu hakaonekani kabisa. Ni kama gari yenye tairi isiyo na balansi, ukiwa mjini Uyole husikii kitu, ukishika lami ya Igawa usukani unakutetemekea mkononi. Ndo maana mtu akiniambia lua yake nimeijaribu iko poa namuuliza umeijaribu kwa spidi gani.

Haya, kabla hujashika plaizi angalia fundo. Sogea karibu na kamera uone, hili fundo limetelezea upande mmoja wa tundu la puani, pale mshipi unapofungwa, halijakaa katikati, na hapo tayari lua inavutwa kwa shavu moja. Lisogeze na kucha lirudi katikati, au bora zaidi funga fundo la kitanzi ambalo linaacha lua icheze. Tigafishi lazima uweke waya wa chuma mbele, meno yale hayana mswalie mtume, ila chagua waya mwembamba na klipu ndogo, ukiweka waya mnene na swivo (kile kiungo kinachozunguka) kubwa pale puani unakuwa umetundika jiwe, pua inazama, na ukiongeza spidi lua inachimba chini badala ya kukaa juu. Mshipi nao, nailoni au wa kusuka ni sawa, flurokaboni achana nayo kwa kazi hii kwa sababu inazama.

Sasa beseni. Weka lua ndani iache itulie yenyewe, usiiguse. Hii unaona imelala kidogo kulia? Itingishe sikioni kwanza. Zile zenye vigololi ndani zinapiga kelele zake kavu, wewe sikiliza kama kuna maji yanachezacheza. Lua ya plastiki ikishaumwa na tigafishi inatobolewa vitundu ambavyo kwa macho huvioni, maji yanaingia, upande mmoja unakuwa mzito na hapo hata upinde waya mpaka kesho haitanyooka. Ukiona hivyo iminye taratibu ukiwa umeifuta na kitambaa, utaona katone kanatokea, kale ndo katundu kenyewe. Itundike kivulini katundu kakiwa chini mpaka maji yote yatoke, ukihisi imekauka kabisa ndo unaziba na gundi ya Araldite kidogo, KIDOGO, usiipake kama unapaka mkate siagi maana gundi nayo ina uzito.

Kama haina maji ndani na bado imelala, angalia ndoana. Wengi tunabadilisha zile za kiwandani kwa sababu ni laini, tigafishi anazinyoosha, na hapo sina ugomvi. Ila ukiweka ngumu na nzito lazima ujue ile ndoana ya tumboni ndiyo inayoishikilia lua isipinduke, ukiweka nyepesi kuliko ya mwanzo ukikoleza tu inabingirika, ukiweka nzito sana nyuma mkia unazama. Kwa hiyo tafuta inayokaribiana uzito na ile uliyotoa. Angalia pia kale kajicho ka chuma kanakoshikilia ringi tumboni, shika lua uitazame kwa chini, kajicho kawe kwenye mstari wa katikati, kakiwa kameenda pembeni kazungushe na plaizi polepole, ukilazimisha kwenye plastiki kananyofoka chote.

Tuje kwenye mzigo wenyewe, bazibeti, hii yenye waya na pangaboi juu, kichwa cha risasi na sketi ya mpira chini. Hii ndo inayosumbua kuliko zote na sababu iko wazi ukiiangalia inavyofanya kazi. Pangaboi inazunguka nusu ndani ya maji nusu hewani, panga la chini lina maji ya kusukuma, la juu linapiga upepo tu, kwa hiyo nguvu hazijisawazishi, lua nzima inavutwa upande mmoja. Yaani bazibeti mpya kabisa kutoka kwenye pakiti kwenda pembeni ni kawaida, usidhani umeuziwa feki.

Itazame kwa juu hivi, pua ikuelekee wewe. Mkono wa waya wa juu, kichwa cha risasi na mti wa ndoana vinatakiwa viwe kwenye mstari mmoja. Hapo ndo pa kuanzia, nyoosha mpaka vikae mstari mmoja, halafu tupa. Kama inakuja huku inakimbilia kulia kwako, usogeze ule mkono wa juu kushoto kwako. Ikienda kushoto, usogeze kulia. Milimita moja, basi, tupa tena. Watu wanaharibu kwa pupa, wanapinda huku, imezidi, wanarudisha kule, imezidi, waya ukipindwapindwa sehemu ileile unachoka na siku samaki mkubwa akishika unabaki na kipande. Na unapopinda, shika kona ya waya pale mshipi unapofungwa kwa plaizi, halafu sukuma mkono wa juu kwa kidole gumba, hapo kona haipati kazi. Ile kona ya wazi isiyo na tundu lililofungwa, usiifungie klipu wala swivo, itateleza kupanda kwenye waya na lua itakuja imesimama wima.

Pangaboi yenyewe sasa. Zungusha kwa kidole, isizuiwe na kitu, halafu itazame kwa mbele, masikio yake mawili yawe yamekunjwa sawasawa. Likizidi moja inatetemeka na kuvuta upande. Na hapa kwa wavutaji wa spidi kuna siri nzuri, masikio yaliyokunjwa sana yananyanyua lua mapema, mazuri kwa mwendo wa taratibu, ila ukikoleza yanaitoa kwenye maji kabisa inaanza kuruka ruka na kujipindua. Yafungue kidogo yawe bapa zaidi, yote mawili kwa kiasi kilekile, inatulia. Mimi bazibeti zangu za Mtera ziko hivyo na nina nyingine pembeni za kuvuta taratibu, sipendi moja ifanye kazi zote.

Zile ndefu zenye pangaboi mbele na nyuma hazina usumbufu sana, mara nyingi zinazunguka kinyume moja na mwenzake kwa hiyo zinafutana. Ikisumbua angalia skrubu zilizoshikilia pangaboi, ziwe zimeingia katikati na zimenyooka. Aina ya Whopper Plopper yenye mkia unaozunguka, kagua ule waya wa mkia, uweke kwenye usawa wa jicho, ukiwa na kona hata kidogo mkia unayumba na mwili unayumba nao. Popa, ile yenye mdomo uliobonyea, sitaipigia kelele, ile ni ya kuvuta na kusimama, ukiikimbiza itapiga sarakasi tu. Na lua za umbo la sigara kama Zara Spook na ndugu zake zimetengenezwa ziende kushoto kulia, hiyo ndo kazi yake, usije ukaipiga plaizi.

Sasa majaribio. Nimechagua mfereji kwa sababu ukingo wake umenyooka, lua ikihama nusu mita unaiona palepale, bwawani huoni kitu. Tupa kuelekea maji yanakoenda halafu vuta ukipingana na mkondo, hapo spidi ya maji inajumlishwa na ya rili yako. Fimbo ielekeze mbele moja kwa moja, ukiishika pembeni lua inakufuata wewe halafu unailaumu. Anza taratibu, ongeza, ongeza, mpaka uone inapoanza kukosea. Pale inapokosea ndo unarekebisha, na unataka ikosee kwenye spidi ambayo hutaitumia kamwe. Mwenye rili ya 7 kwa 1, yaani ukizungusha mkono mara moja spuli inazunguka mara saba, ajaribu na hiyohiyo, asijaribu na ya 5 kwa 1 halafu akategemea majibu yaleyale. Kukiwa na upepo wa ubavuni subiri utulie, upepo unapiga tumbo la mshipi na kuvuta kila kitu.

Mtera na mto Ruaha jaribu ukiwa nchi kavu na mbali na ukingo, mamba hawaangalii kama unavua au unarekebisha. Ndani ya hifadhi usivue bila kibali, na kwingine kote uwe na leseni yako ya uvuvi mkononi.

Ukishanyoosha, bazibeti usizirundike kwenye kiboksi kimoja na hizo nyingine, utafika Mtera waya zote zimeshapindana kwenye buti la gari. Mimi nakata kipande cha godoro la sponji, nachanja mistari kwa wembe, kila ndoana inaingia kwenye mstari wake na pangaboi inabaki juu haiguswi na kitu. Haya, nipe dakika nikaze hii nyekundu halafu tutupe ya mwisho kwa spidi kamili muone.