Sonona na ubongo wa mbele: kwanini mtu anashindwa hata kutoa chenji

Kamwene! Asanteni, naona baridi ya Iringa haijawazuia. Haya angalieni ukutani, nimeandika neno NYEKUNDU ila kwa wino wa kijani, nitajieni rangi ya wino, msisome neno... ehee, mnaona! Nusu mmesema nyekundu. Jaribio hili alilitoa Mmarekani mmoja, Stroop, mwaka 1935. Macho yenyewe yanakimbilia kusoma, sasa ili useme kijani lazima ubongo wa mbele, hapa nyuma ya paji la uso, uyazuie. Mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa kawaida anachelewa zaidi hapo.

Sasa chukua mama muuza viazi, miaka yote anatoa chenji huku anapiga stori, leo kapewa noti ya 10,000, viazi vya 3,500, kasimama tu. Asubuhi anajua kabisa gunia linatakiwa kufunguliwa ila hajui aanzie wapi, anakaa pembeni ya gunia mpaka saa nne. Majirani wanasema uvivu, wengine ati karogwa. Jamani hapana. Ule ubongo wa mbele ndio unashika namba wakati unapiga hesabu, ndio unapanga kipi kitangulie, na ndio breki ya mawazo. Kwenye sonona picha za ubongo mara nyingi zinaonesha sehemu hiyo, hasa kushoto, imepoa, huku amigdala huko ndani, inayoshughulika na hofu, imechachamaa. Yaani lori linashuka mteremko mkali wa Kitonga na breki hazishiki, ndo maana wazo moja tu, "mi sina maana", linamzungukia usiku kucha.

Dawa zipo, mazungumzo na mtaalamu yapo, Marekani tangu 2008 wameruhusu mpaka mashine ya sumaku ya kuamsha hapo mbele kushoto. (Ulanzi sio dawa, msinicheke, pombe inapooza hapohapo.) Ila dawa inataka wiki kadhaa, na huzuni inaweza kuondoka halafu kusahau na kushindwa kupanga vikabaki nyuma, kwahiyo akianza kucheka msimrudishie duka zima siku hiyohiyo, mfungulieni gunia moja, mwingine ashike hela.

Bibi hapo mbele, shikamoo. Anauliza mzee wake anasahausahau, je ni uzee? Inaweza kuwa, ila sonona nayo kwa wazee inajifanya hivyohivyo, na hiyo ikitibiwa kumbukumbu inaweza kurudi. Mpeleke bibi, na umwambie daktari kipi kilianza, kusahau au kukosa usingizi na hamu ya kula.