Nagana kwenye banda la nguruwe: pima damu kabla ya kudunga dawa

Karibuni watazamaji. Leo tuko Likoni, Mombasa, kwenye banda la nguruwe walioanza kukataa chakula, tukizungumzia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ng'ambo hii ya kivuko tuko jirani na Shimba Hills, makao ya mbung'o na ngiri. Ngiri hubeba tripanosoma, vimelea vya nagana, bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa akiambukizwa aina ya simiae anaweza kufa kwa siku chache tu, kwa hiyo usingoje.

Anza na joto, kupitia njia ya haja kubwa. Nguruwe mzima huwa na nyuzi 39 hivi. Akipita 40 ana homa. Mtenge, na asitoke nguruwe yeyote bandani. Homa na vifo vya ghafla huletwa pia na homa ya nguruwe ya Afrika, isiyo na tiba. Mpigie daktari wa mifugo. Aliyekufa usimpasue, usimuuze.

Sasa tazameni sikio. Daktari anapangusa kwa spiriti, anachoma mshipa wa pembeni, tone linadondokea kioo. Analifunika na kulitazama papo hapo kwa hadubini. Vimelea vikiwemo, utaona chembe za damu zikitikiswa na kitu chembamba kinachojipinda. Tone la pili hutandazwa, likakauka, likapakwa rangi ya Giemsa ili aina ijulikane. Damu nyingine inaingia chupa ya kifuniko cha zambarau, ndani ya kibebeo chenye barafu, hadi maabara ya mifugo ya Mariakani siku hiyohiyo. Ikikaa juani vimelea hufa, nawe utaambiwa hakuna kitu.

Kuhusu tiba, nawasihi sana: diminazini, dawa ya nagana ya ng'ombe inayonunuliwa dukani, mara nyingi haimwokoi nguruwe mwenye simiae. Daktari achague dawa, apime kwa uzito, aseme usichinje hadi lini. Sindano ya nguruwe mmoja isimguse mwingine.

Kinga ni wavu uliotiwa deltamethrini, dawa ya kuua wadudu, urefu wa mita 1 hadi 1.5, kuzunguka banda lote, maana mbung'o huruka chinichini. Fyeka vichaka. Mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi wenye mkojo wa ng'ombe humnasa vizuri mbung'o aina ya pallidipes, lakini austeni wa misitu ya Pwani haufuati sana, basi usiutegemee peke yake. Wavu ukichanika, ushone siku hiyohiyo.