Kinywa Kinachoungua Bila Jeraha

Mabibi na mabwana, wazee wetu na walimu wetu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maradhi ambayo, katika miaka yangu ya kuchungulia vinywa vya watu, yamenitoa jasho kuliko gego lolote lililogoma kung'oka. Nitaanza na mama mmoja wa makamo aliyekuja kwangu na chupa ya maji baridi mkobani. Aliniambia kwamba ncha ya ulimi inamchonyota kama ya mtu aliyeungua kwa chai, kwamba kaakaa lina ukakasi kana kwamba ametafuna bibo bichi, na kwamba mate yake yana ladha ya sarafu. Asubuhi huamka hajambo, adhuhuri moto huanza, na ikifika magharibi hataki hata kusemeshwa. Nilimulika, nikaushika ulimi kwa kitambaa na kuugeuza huku na huku, nikabonyeza fizi; sikuona kidonda hata cha ukubwa wa punje ya mtama. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshang'olewa magego mawili yasiyo na kosa, mahali ambapo sitapataja, na moto ulibaki palepale.

Hata hivyo, kilichomtesa zaidi kilikuwa meza ya chakula. Akikaa kula, moto hupoa, na siku nyingine huzimika kabisa. Akishanawa mikono, haupiti muda unarudi. Watoto wake waliyaona hayo wakakata shauri kwamba mama anatafuta kubembelezwa, kwani mtu anayeungua ulimi atamalizaje sahani ya pilau? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kosa hili hata sisi waganga tumelifanya. Kupoa wakati wa kula ni mojawapo ya alama za maradhi yenyewe. Ni kweli kwamba wengi wao hawastahimili pilipili wala ndimu, lakini chakula cha kawaida huwatuliza, jambo ambalo kidonda cha kweli hakilifanyi. Ushahidi uliotumiwa kumhukumu mama yule ndio uliopaswa kumwokoa.

Madaktari huyaita maradhi haya sindromu ya kinywa kuungua, na kipimo chao ni hiki: hisia ya kuungua au hisia nyingine isiyo ya kawaida, inayojirudia kila siku kwa zaidi ya saa 2, kwa zaidi ya miezi 3, katika kinywa ambacho ukikitazama hakina hitilafu. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, ingawa wanaume nao wamo. Lakini jina hilo hatulitoi mpaka tumemaliza kutafuta sababu nyingine. Tunapima damu kuona kama chuma, foleti au vitamini B12 vimepungua. Tunapima sukari na tezi ya shingo. Tunatazama kama kuna fangasi chini ya meno ya bandia. Tunauliza kuhusu dawa ya meno yenye mdalasini au mnanaa mkali. Tunauliza pia vidonge anavyomeza. Metformini, inayotumiwa na wengi wenye kisukari, ikitumiwa miaka mingi inaweza kuishusha B12, na dawa za shinikizo la damu za kundi la enalaprili na kaptoprili zimewahi kuwaunguza watu vinywa. Nayasema haya nikijua kwamba yupo atakayetaka kutupa vidonge vyake usiku huu. Tafadhali asivitupe, arudi kwa aliyemwandikia.

Sasa, moto huu unatoka wapi? Theluthi mbili za mbele za ulimi zina njia mbili za habari. Mguso, joto na maumivu hupita katika neva ya tano, yaani mshipa wa tano wa fahamu kati ya ile inayotoka kwenye ubongo. Ladha hupita katika uzi mwembamba wa neva ya saba, ambao safari yake, ajabu ya maumbile, hukatiza ndani ya sikio la kati, nyuma ya kiwambo. Wapo watafiti wanaoshikilia kwamba ladha huyazuia maumivu kama breki, kwa hiyo uzi wa ladha ukidhoofika, breki inalegea na neva ya tano inapiga kelele bila kuguswa. Kwa maelezo hayo, tonge la pilau likiiamsha ladha, breki inashika kidogo. Tena mwaka 2005 watafiti wa Italia walichapisha walichokiona kwa darubini katika vipande vidogo vya ulimi wa wagonjwa: nyuzi nyembamba za neva katika utando wa juu zilikuwa zimepungua. Maana yake jeraha lipo, ila ni dogo mno kwa taa yangu na kioo changu.

Kuhusu tiba sitawadanganya. Mara nyingi tunapunguza, hatumalizi. Huko Ufaransa walijaribu klonazepamu, dawa ya kutuliza neva, kwa wagonjwa 48, wakachapisha matokeo mwaka 2004: kidonge cha miligramu 1 kinanyonywa dakika 3 kisha mate yanatemwa, mara 3 kwa siku, na waliopewa dawa halisi walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Ni dawa inayosinzisha na kuzoeleka, kwa hiyo haiombwi kwa jirani. Mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia huwasaidia baadhi, na nikimpeleka mtu huko simwiti mwongo; maumivu ya kila siku hula usingizi na moyo, na wengi hubeba hofu ya saratani wasiyoitamka mpaka nianze mimi kuitaja.

Mama yule hakupona, lakini alipungukiwa. Hutafuna ubani wa dukani usio na sukari saa za alasiri, na jino jingine hajang'olewa.

Maswali sasa nitayapokea. Namwona bwana pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja dawa za shinikizo la damu, tuanze naye.