Mia nane ya pantoni

Haya, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Nyie wa nyuma sogeeni, mmeacha viti vya mbele vitupu kama ibadani siku ya mchango wa jengo. Leo sichangishi, ila sauti imenikauka na hii spika yenu inakoroma.

Wengine mlikuwepo mwaka jana, mnajua nitakachosema, namuona yule pale kashaanza kucheka. We cheka tu. Mi nitalisema tena, mtoko wa kwanza wa wapendanao hauhitaji mkopo, kwa sababu hamsikii, na ushahidi ninao kwenye daftari. Mi ni mweka hazina wa kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopa, mwaka wa 11 huu, kila mkopo unapita mkononi kwangu, na pale kwenye sababu ya mkopo vijana wote mnaandika dharura. Dharura! Mtu anakuja kuchukua hela ya dharura Ijumaa jioni kanyoa, kapiga pasi, ananukia mpaka katibu anapiga chafya. Basi siku hizi nauliza moja kwa moja, hiyo dharura inaitwa nani?

Ngoja niwape ile ya 80,000, walioisikia wavumilie.

Kijana kaja kakopa 80,000, akanambia anti nina mtoko Jumamosi, Masaki huko. Sawa, kasaini kachukua. Haijapita saa kaja binti, naye mwanachama, naye dharura, 40,000, ya nywele na gauni. Mi nikaandika, sikuunganisha. Kumbe wanaenda kukutana wao kwa wao! Yaani hela za kina mama wauza maandazi zimefadhili meza moja pande zote mbili, 120,000, na hakuna kikao kilichokaa kikapitisha huo mradi.

Nilikuja kujua baadaye kwa sababu wote wawili waliniletea malalamiko, kila mtu kwa siku yake. Kijana anasema anti nilipewa menyu nikaanza kusoma upande wa kulia, mnajua upande wa kulia, ndo kwenye bei, akaisoma yote kama mkataba wa kiwanja halafu akaagiza supu akasema hana njaa. Maana kwenye ile 80,000 kulikuwa na shati, manukato, na teksi ya watu wawili kwenda na kurudi. Binti naye ananambia anti mi nazijua sehemu zile, nilikula chips mayai nyumbani kabisa kabla sijatoka, nisije nikaagiza vingi nikaonekana mchunaji, basi nikaagiza juisi. Mwenye njaa kanywa supu, aliyeshiba kanywa juisi, muhudumu anapita kila saa anauliza kama kuna kingine. Nikawauliza, mliongea nini? Kijana hakumbuki. Binti anakumbuka kitu kimoja, aliulizwa kwao wamezaliwa wangapi. Sasa hiyo si sensa? Sensa ya 2022 ilikuja bure mpaka mlangoni! Bili ilipoletwa kijana kaenda chooni kukopa kwenye simu, na mkopo wa simu haukusubiri mwisho wa mwezi kama sie.

Wengi mkisikia hapo mnasema tatizo bei. Bei ni nusu tu. Hata angekuwa nazo, ile meza ingewaua vilevile. Watu wawili hawajuani, unawakalisha uso kwa uso, taa za kufifia, hakuna cha kuangalia zaidi ya pua ya mwenzio, huo ni usaili wa kazi, tena kazi yenyewe haijulikani na mshahara haujulikani. Sie tunaongea vizuri tukiwa tunafanya kitu au tunaangalia kitu. Angalieni kina mama wanaochambua mchele, angalieni wanaume kwenye kijiwe cha kahawa, hakuna anayemkodolea mwenzie macho, wote wanaangalia barabara, na siri zote za mtaa zinatokea pale.

Ndo maana nasema pantoni, kile kivuko chetu cha hapa Dar kwenda Kigamboni, na nitasema mpaka mnizike.

Mnakutana Kivukoni. Mwendokasi inaishia palepale, kila mtu kaja na nauli yake, hapo tu ushatibu ugonjwa mmoja mkubwa wa mji huu, ule wa kutuma nauli ya 10,000 halafu simu inazimwa. Mnagonga kadi getini, ileile N-Card mnayoingilia mpirani, 200 kila mtu. Halafu mnasubiri na umati, na msilalamike kusubiri, kusubiri ndo mtoko wenyewe umeanza. Pale utamuona mama kabeba jogoo kwenye kikapu, jogoo anamdonoa mwenye suti, mwenye suti anashindwa agombane na nani. Utacheka utake usitake, na mwenzio atacheka, na hamjatoa hata shilingi ya ziada. Geti likifunguliwa shika simu yako kwanza, mkono wa mwenzio baadaye.

Mle ndani mnasimama pembeni kwenye vyuma mnaangalia nje. Mmeona? Hamuangaliani, mnaangalia pamoja. Unamuonyesha lile paa jekundu la Azania Front, lile kanisa la Kilutheri walilomaliza Wajerumani 1902, na St. Joseph pale jirani ambalo nalo ni la miaka hiyohiyo, mnabishana lipi zuri. Mkiwa na bahati siku hiyo, meli kubwa inaingia bandarini, na ule mlango wa bandari mwembamba, pantoni inabidi isubiri, meli inapita mbele yenu kama ghorofa linatembea. Hata mtu mzima anarudi kuwa mtoto. Hapo ndo utamjua mwenzio, kuna mtu atashangaa na kuna mtu atakwambia mi meli nimezizoea. Huyo wa pili muogope. Ila picha usielekeze simu upande wa Ikulu, msije mkamalizia mtoko kwa kuhojiwa.

Mkifika ng'ambo mnatembea, kuna samaki wa kukaanga, kuna mihogo, machungwa ya kumenywa, mnakaa kwenye benchi la mama ntilie mnakula kwa mikono, na mtu anayekula samaki wa mifupa kwa mikono hawezi kujifanya. Mnarudi. Piga hesabu, kuvuka watu wawili kwenda na kurudi shilingi 800. Ongeza samaki, ongeza soda mbili, msimbazi wako mmoja, yaani 10,000, unarudi nyumbani na chenji.

Na kama hujampenda? Mnashuka unasema nimekumbuka nguo ziko juani, unageuka na pantoni inayofuata. Hebu jaribu kufanya hivyo kwenye meza supu ikiwa haijaja.

Mi na baba watoto tulianza hivyo, 2004, hili daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016 halikuwepo hata kwenye ndoto zetu. Mvua ikatushika katikati ya maji. Yeye alikuwa na mfuko wa rambo kabebea kandambili zake, wakati ule rambo zilikuwa hazijapigwa marufuku, akatoa kandambili akashika mkononi akanipa mfuko nifunike nywele. Nilikuwa nimetoka saluni! Alilowa chapachapa kashika kandambili zake kama biblia. Yule mtu ana makosa mengi, mengine nimeyaandika kwenye daftari hilihili, lakini nikifika kwenye ule mfuko nafunga daftari.

Sasa najua mnataka kuniambia nini. Anti, atasema mi kapuku. Nani kakwambia? Kapuku ni yule wa chooni anakopa kwenye simu. We mwambie mapema, Jumamosi nakupeleka Kigamboni kwa pantoni, vaa viatu vya kutembelea. Sema kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Ukisema kwa kunong'ona, eti samahani sina hela ndo maana, hata ningekuwa mimi ningekuonea huruma, na huruma haijawahi kuoa mtu.

Na nyie mabinti msinikunjie uso, kwamba nawafundisha ubahili. Ubahili ni kuwa nazo ukanyima. Huyu hana, na we mwenyewe daftari langu linakujua. Halafu kuna wale mnaokuja na mashosti watatu mtoko wa kwanza. Mnasema usalama, na hapo simcheki mtu, usalama ni kitu cha kweli kabisa, usiende gheto la mtu usiyemjua eti kaandaa pilau. Lakini ndo raha ya pantoni hiyo, mchana kweupe, katikati ya umati wa watu. Huhitaji shosti wa kukulinda huku anamaliza mishikaki kumi.

Msiniulize wale wawili wa 120,000 kama walioana. Niliwatuma pantoni, walienda, walicheka sana, hawakuoana. Binti kaolewa Tanga. Kijana alimchangia harusi, kwa hela yake safari hii, niliangalia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenyekiti, niligawiwa dakika arobaini, nimeongelea usafiri tu. Haya, harakaharaka.

Ufukwe wa Coco. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili, hiyo mnaijua, sina la kuwafundisha. Ila mmedanganywa na picha za mtandaoni, mtu anamwambia mwenzie twende Coco tukaone jua linazama baharini. Linazama wapi? Coco inatazama mashariki! Mmekaa pale mmeangalia maji mpaka giza, jua limezama nyuma yenu huko upande wa mjini. Ukitaka la kuzama majini nenda ng'ambo ya pili ya rasi, upande wa ghuba ya Msasani. Coco ni ya kuchomoza, kwa hiyo nendeni saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Jumapili. Mnacheka, lakini saa hizo hakuna foleni, hakuna joto, kuna watu wanakimbia mazoezi, na unakunywa kahawa ya birika kikombe kidogo kwa hela ndogo. Na mtu aliyekubali kuamka saa kumi na moja kwa ajili yako huyo hana utani.

Daraja la Tanzanite, hapohapo karibu, limefunguliwa 2022, lina kama kilomita moja na njia ya waenda kwa miguu pembeni, upepo wa bahari, bure. Tembeeni kuanzia upande wa Coco mpaka upande wa Aga Khan, mrudi. Nenda jioni jua likilegea, mchana utamuunguza mtoto wa watu.

Makumbusho ya Taifa, pale Shaaban Robert. Naona mnakunja nyuso, mnakumbuka safari ya shule mmebanana na mwalimu ana fimbo. Nendeni tena wakubwa. Kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni, kidogo tu, beba kitambulisho. Kuna habari za Zinjanthropus, yule mtu wa kale aliyefukuliwa Olduvai 1959 na Mary Leakey, wa miaka kama milioni 1.75, ukishamuona huyo huwezi kukosa stori, mtaanza taya lile lilikuwa linatafuna nini. Kuna magari ya zamani ya wakuu wa nchi, Mwalimu akiwemo. Na ni kivuli, mnatembea mkisomeana vibao. Mkitoka, Bustani ya Botaniki iko karibu, Wajerumani waliianzisha 1893, miti mikubwa, mnapumzika. Kijiji cha Makumbusho kule barabara ya Bagamoyo ni kingine hicho, nyumba za asili za makabila, mwambie akuonyeshe ya kwao, mkifika mlangoni ataanza kusimulia bibi yake bila kuulizwa.

Nafasi Art Space Mikocheni, fuatilieni wana maonyesho, mengine hulipi. Mpira, nendeni mechi ndogo za mzunguko ndo mtasikilizana, ya Simba na Yanga mtoko wa kwanza hapana, kama mko timu tofauti mtarudi kila mtu na daladala lake. Treni ya SGR ya Morogoro nilikuwa nimeiandalia robo saa nzima, naiacha, 13,000 mtu mmoja kwenda tu, piga kwa mbili, piga tena kwa mbili, hiyo ni ya wachumba walioweka kibubu, sio dharura. Nimesema sio dharura, umesikia we wa shati la bluu?

Kupika pamoja naruka, hilo ni la mtoko wa tano huko na wengine mnapangisha chumba kimoja.

Maswali mawili tu, mwenyekiti kasimama kabisa.

Ndio, we mdogo wangu... Rudia, hawajasikia. Anauliza, anti, je kama huyo ninayemtoa mwenyewe anakaa Kigamboni?

Jamani! Mwaka jana hakuna aliyeuliza hili. Kwa hiyo yeye pantoni anapanda kila siku alfajiri kubanwa na majogoo, na we unamwita mtoko. Hapana, huyo usimpandishe, huyo kachoka. We ndo uvuke. Vuka umfuate kwake, halafu mshukie Mjimwema huko kwa bajaji mkatembee ufukweni, jioni anakusindikiza mpaka getini anabaki kwake. Na hesabu ni rahisi zaidi, 400 tu, maana anayevuka ni mmoja.

Swali la pili. Sio la mkopo, la mkopo nione pembeni, fomu ninazo.