Chumvi Zikiyeyushwa Pamoja, Ipi Hutangulia?

Ndugu zangu, Kiswahili kina neno moja, kuyeyuka, kwa chumvi inayopotea ndani ya maji na kwa chumvi iliyogeuka uoevu kwa moto. Katika elektrolisisi, yaani kuvunja kemikali kwa umeme, hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea.

Ukipitisha umeme katika kloridi ya sodiamu iliyo majini, kathodi, yaani ncha hasi, hutoa haidrojeni. Iyeyushe kwa moto, nyuzi 801, uone: maji hayapo, haidrojeni itoke wapi? Zimebaki ioni za chumvi tu, yaani chembe zake zenye chaji.

Haya, changanyeni bromidi ya risasi na kloridi ya zinki, mziyeyushe. Ioni chanya ni mbili, hasi mbili. Kathodi huanza na risasi, maana hupokea elektroni kwa urahisi kuliko zinki. Kwenye anodi, yaani ncha chanya, bromidi huachia elektroni kabla ya kloridi. Tazameni kwa karibu: mvuke wa kahawia-nyekundu unafuka kwenye anodi, na chini ya kathodi tone la risasi linazama hadi kitako cha chombo.

Sasa mwanafunzi hufungua jedwali la volti za elektrodi, lile la kuonyesha ioni ipi hupokea elektroni kwa urahisi, na kudhani kazi imekwisha. Jamani, jedwali lile lilipimwa majini, nyuzi 25! Linaipa lithiamu −3.04 na potasiamu −2.93, na hasi zaidi maana yake ugumu zaidi wa kupokea elektroni, kana kwamba potasiamu ndiyo ingetangulia. Lakini yeyusha kloridi zao pamoja, kama wafanyavyo viwandani, na kinachotoka ni lithiamu. Kwa nini? Ioni ya lithiamu ni ndogo mno, na molekuli za maji huing'ang'ania kwa nguvu, ile −3.04 kwa sehemu kubwa ni kazi ya maji. Maji yakiondoka, mpangilio unageuka. Kwa hiyo ulizeni volti inayohitajika kuvunja kila kloridi katika joto lile lile la kazi. Ya potasiamu ndiyo kubwa zaidi, hivyo lithiamu hutangulia.

Na volti zikikaribiana? Sodiamu hutengenezwa kwa kuchanganya kloridi yake na ya kalsiamu, ili joto lishuke hadi nyuzi 600 hivi. Hapo msitabiri metali moja tupu. Sodiamu hutoka ikiwa na kalsiamu kidogo ndani yake, na ni baada ya kupozwa ndipo kalsiamu hujitenga ikawa chembe ngumu, sodiamu ikachujwa ingali oevu.