Mama Kafa, Mabinti Wako Hai: Shabani Aisaka Lugha Yake Mwenyewe

REHEMA: Kabla hujasema lolote, waambie.

SHABANI: Jamani, hata salamu?

REHEMA: Salamu wamezipokea. Waambie.

SHABANI: Haya. Jumanne kompyuta ilizima, haikuwaka tena. Fundi kaifungua, kaifunga, kanitazama kama mtu aliyekuja kunipa pole ya msiba. Diski imekufa. Na humo ndani ndimo alimokuwa Kisaru, lugha niliyoitunga mwenyewe.

REHEMA: Miaka saba ya Kisaru.

SHABANI: Mizizi yote, sheria zote za sauti.

REHEMA: Na nakala?

SHABANI: Usiniulize habari za nakala.

REHEMA: Nimekuuliza habari za nakala tangu kipindi cha kwanza.

SHABANI: Waliosalia ni mabinti zake wawili, Kivome na Kineshi, lugha nilizozitoa kwake. Kamusi zao nilikutumia kwa barua pepe uzihakiki.

REHEMA: Sikuzihakiki.

SHABANI: Najua. Ila hukuzifuta, Mungu akubariki. Basi mama kafa, mabinti wako hai. Nikakaa chini kufanya kile wanaisimu wanachofanya kwa lugha za kweli, kumsaka mama kwenye sura za watoto. Tofauti ni kwamba huyu mama nilimtunga mimi.

REHEMA: Na mpango wa leo ni hatua tatu: kulinganisha mabinti, kuzipanga sheria kwa zamu zake, na kuchungulia ndani ya binti mmoja peke yake. Mwisho tuwape wasikilizaji zoezi. Anza, na uwe mfupi.

SHABANI: Jiwe. Kivome ni "chefa", Kineshi ni "kep". Ukiyapitia maneno mengine unaona f ya Kivome inakutana na p ya Kineshi kila mahali, na ch ya Kivome inakutana na k, lakini mbele ya e na i tu. P kulegea ikawa f ni njia iliyopitwa na lugha nyingi. Kurudi nyuma ni nadra. K kulainika mbele ya i, hata sisi tunayo: pika, mpishi. Kwa hiyo mama alikuwa na p na k. Irabu ya mwisho Kineshi kaidondosha, Kivome kaitunza. Unapata nyota kepa.

REHEMA: Nyota kepa.

SHABANI: Ndiyo, *kepa. Nyota inasema neno hili hakuna aliyelisikia wala kuliandika, tumelipata kwa hesabu.

REHEMA: Lakini wewe uliliandika!

SHABANI: Niliandika, likafa na diski.

REHEMA: Basi hata malipo ya deni ninalokudai yana nyota. Hakuna aliyewahi kuyaona.

SHABANI: Deni limeandikwa kwenye meseji.

REHEMA: Deni limeandikwa. Malipo ndiyo tunayapata kwa hesabu.

SHABANI: Tuendelee. Aliyeizoesha nyota hii kwenye isimu ni Mjerumani, August Schleicher. Mwaka 1868 alitunga kisa kifupi cha kondoo na farasi katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, asili ya lugha nyingi za Ulaya na India, lugha ambayo hatuna hata mstari mmoja wa maandishi yake. Kondoo kwake ni "avis". Mwaka 1939 likatoka toleo jipya la kisa hicho, la Mjerumani mwingine, Hirt, kondoo akawa "owis".

REHEMA: Kondoo yuleyule?

SHABANI: Yuleyule.

REHEMA: Miaka 71 hajatoka zizini, kabadilika jina.

SHABANI: Kondoo hajabadilika. Ushahidi umeongezeka, na namna ya kuusoma.

REHEMA: Kondoo mwenye nyota. Ukimchinja unapata nyama yenye nyota.

SHABANI: Rehema.

REHEMA: Na mchuzi wake. Haya, waambie la mlango.

SHABANI: Mlango ni hatua ya pili.

REHEMA: Ndiyo tumefika.

SHABANI: Kivome, mlango ni "kefi". Kwa sheria yangu, k mbele ya e ingekuwa ch, tungepata "chefi". Nikatazama Kineshi, mlango ni "dorum", hawahusiani hata kidogo. Nikasema basi, mama alikuwa na sauti ya kw: *kwepi. Ile w iliikinga k isilainike, halafu w yenyewe ikadondoka.

REHEMA: Kuna neno lingine linaloonyesha hiyo kw?

SHABANI: Hilo moja.

REHEMA: Sauti nzima kwa ajili ya mlango mmoja! Na najua umeitoa wapi. Kwa Tolkien, yule mwandishi wa hadithi aliyetunga lugha zake mwenyewe.

SHABANI: Sikatai. Lugha mama ya mabinti wake, bata maji ni "alkwā". Kiquenya wanasema "alqua", Kisindarin "alph". Binti mmoja kaishika kw vilevile, mwingine kaihamishia midomoni. Ni nzuri mno.

REHEMA: Ni nzuri kwake, kwa sababu ana maneno mengi yanayofuata njia hiyohiyo. Wewe una mlango. Sasa mimi niliyeshindwa kuhakiki, juzi nimehakiki. Kineshi wana neno "kap". Maana yake nini?

SHABANI: Mdomo.

REHEMA: Mdomo wa nyumba ni nini?

SHABANI: ...Ah.

REHEMA: Ni neno lilelile, maana imehama. Kwa hiyo mama ni *kapi, hakuna kw. Kwenye Kivome a ilivutwa na i ya mwisho ikawa e.

SHABANI: Na k kwa nini haikulainika?

REHEMA: Kwa sababu sheria ya ch ilishafanya kazi yake ikamaliza wakati a bado ni a. E imefika, haikukuta mtu. Linganisha na maji: Kivome "fechi", Kineshi "pak", mama *paki. Pale k ilikaa mbele ya i ya asili, ikawa ch. Ukibadilisha zamu za sheria mbili hizi, mlango unageuka "chefi".

SHABANI: Miaka saba, na sheria ni zangu.

REHEMA: Ndiyo maana hukuziona. Sasa kuna jambo sijakwambia. Jana usiku nimepata barua pepe yako ya zamani. Ina maneno arobaini ya Kisaru.

SHABANI: Una Kisaru?! Nimehangaika tangu Jumanne!

REHEMA: Nilitaka nione utafika wapi. *Kepa ipo. *Paki ipo. *Kapi ipo, ya kwangu. Lakini mwezi wewe umeandika *sola.

SHABANI: Kivome "sola", Kineshi "sol". Hata mtoto angepata *sola.

REHEMA: Kwenye orodha ni "solang".

SHABANI: Haiwezekani. Hiyo ng iko wapi kwa mabinti?

REHEMA: Imedondoka kwa wote wawili.

SHABANI: Basi haipo. Mabinti hawaijui. Kisaru ya leo ni ile inayotokana na ushahidi.

REHEMA: Ushahidi ninao mkononi! Hili neno halina nyota, limeandikwa.

SHABANI: Orodha hiyo ni rasimu. Nilibadilisha baadaye.

REHEMA: Unakumbuka kubadilisha?

SHABANI: Sikumbuki kutobadilisha.

REHEMA: Shabani, Kilatini kilikuwa na m mwishoni mwa maneno mengi. Ukiwa na Kiitalia na Kihispania tu, karibu huioni. Lakini ilikuwapo. Na ukichimba unaiona kwenye maneno mafupi: "rem" ikawa "rien" ya Kifaransa. Sauti haiondoki bila kuacha nyayo.

SHABANI: Nyayo za ng ziko wapi?

REHEMA: Sema zaa.

SHABANI: Zaa.

REHEMA: L iko wapi?

SHABANI: Hakuna l.

REHEMA: Zaliwa. Na mzazi, hiyo z ya mwisho ni l iliyokutana na i. Lea, lelewa, mlezi. L imetoweka kwenye zaa, kwenye ukoo imebaki. Sasa fungua Kivome: "solanga", usiku wa mbalamwezi. Ng hiyo hapo, imekingwa na a.

SHABANI: Hiyo ni sola na kiambishi -nga. Kuna "tiru", mvua, na "tirunga", wakati wa mvua.

REHEMA: Na "cheli", jua, "chelia", mchana? Kiambishi ni -a. Kwa nini jua lipate -a na mwezi upate -nga? Tiru nayo ilikuwa "tirung".

SHABANI: Tirung iko kwenye orodha?

REHEMA: Mvua haimo.

SHABANI: Basi weka nyota.

REHEMA: Naweka! Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, wana jambo hilihili. "Inu" ni kunywa, "inumia" ni kunywewa. Waindonesia wanasema "minum". Ile m ya mwisho ni ya asili.

SHABANI: Kwa asili, ndiyo. Lakini Mmaori wa leo huenda kichwani mwake anakata inu, halafu -mia. Wanaisimu wamebishana miaka na miaka. Mimi nashika upande huo. Lugha ni ilivyo kwa mabinti.

REHEMA: Tunamtafuta mama, si mabinti! Na mama kasema "solang".

SHABANI: Mama ni mimi, na mimi nasema *sola.

REHEMA: Mwandishi aliyesahau si shahidi.

SHABANI: Na barua ya miaka saba si sheria.

REHEMA: Sikubali.

SHABANI: Sikuombi ukubali.

REHEMA: Zimebaki dakika mbili. Hatua ya tatu?

SHABANI: Nadhani ndiyo tuliyogombania. Zoezi halipo. Na nilitaka nimseme Halvelik, aliyekitungia Kiesperanto, lugha ya kutungwa ya mwaka 1887, mama yake mwaka 1969. Mtoto kazaliwa kabla ya mama.

REHEMA: Umeshamsema. Orodha nitakutumia leo.

SHABANI: Nashukuru, dada. Na deni nalipa mwezi ujao.

REHEMA: Sola au solang?

SHABANI: Zima hicho kinasa.