Daraja la Bwawa Husomwa Bondeni

Waheshimiwa wazee wangu, ndugu zangu wakulima na wenye mashamba wa Pemba, assalaam alaykum.

Nimeombwa kuzungumza juu ya mabwawa madogo ya udongo ambayo mtu hujijengea shambani mwake kwa kumwagilia mboga, kunyweshea ng'ombe au kufugia samaki. Nitashika jambo moja tu, kwa kuwa naona linafahamika vibaya, nalo ni daraja la usalama, yaani kiwango cha hatari ambacho bwawa hupangiwa. Wengi tukisikia kuwa bwawa fulani limewekwa katika daraja la hatari kubwa, hudhani kwamba tuta lake ni bovu. Sivyo. Daraja hilo halipimi uzima wa tuta; linapima yatakayowafika watu na mali zao huko chini iwapo tuta litakatika. Bwawa lililojengwa kwa ustadi juu ya nyumba za watu ni la hatari kubwa, na bwawa bovu ambalo maji yake yataishia mikokoni, pasipo mtu, huwa la hatari ndogo.

Udogo nao hutudanganya. Bwawa la mita 50 kwa 40, lenye kina cha wastani cha mita 2, lina mita za ujazo 4,000, yaani tani 4,000 za maji, na mabonde yetu ya Pemba ni membamba, hayana nafasi ya kuyatawanya. Huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilikatika usiku wa tarehe 9 Mei 2018 baada ya mvua nyingi, likaua watu zaidi ya 40. Tarehe 6 Novemba 1977, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, bwawa la Kelly Barnes, nalo la udongo, lilikatika usiku na kuua watu 39. Huko Georgia, wengi walikuwa wamelala.

Lililo zito zaidi kwetu ni kwamba daraja hubadilika bila mwenye bwawa kugusa hata jembe. Alipochimba, chini yake palikuwa na mpunga mtupu. Miaka ikapita, watoto wakaoa, wakajenga ukingoni mwa bonde, na bwawa lile lile likawa na roho za watu chini yake. Hakuna aliyekosea, lakini wajibu wa mwenye bwawa umekwisha kuwa mwingine: utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawani, sharti uwe mpana na usizibwe hata kwa wavu wa samaki, kwani maji yakipita juu ya tuta la udongo hulila mpaka likatike. Miti isiachwe kukua juu ya tuta, maana mizizi ikioza huacha vijia vya maji. Na atazame maji yanayovuja chini ya tuta: yakiwa maangavu, ayafuatilie kila wiki, yakianza kutoka na udongo, tuta linaliwa kwa ndani, na hapo walio chini wahamishwe kwanza, mchana au usiku, ndipo bwawa lishushwe maji kidogo kidogo.

Kabla ya masika kuingia, nawaomba wenye mabwawa mliomo ukumbini tuteremke pamoja na masheha wenu, tulifuate bonde kutoka kwenye tuta hadi baharini, tukihesabu kila nyumba, kila banda na kila kivuko cha watoto wa skuli.